Dokta Aliyeuandika Msiba Wetu

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na nane. Ni mjane, sina mtoto, na nauza mchele na maharage hapa Tunduma, karibu kabisa na mpaka. Naitwa Yustina na hilo ndilo jina langu. Sijifichi. Nijifiche ili iweje, wakati mambo yangu yameshachapwa kitabuni yakasomwa hadi Ulaya?

Nasimulia nikiwa na hasira, nawaambia mapema. Atakayekerwa na maneno yangu anivumilie, na asiyeweza basi, shauri yake!

Kwanza mjue tunavyoishi. Huku ni Tunduma, ng'ambo ni Nakonde, Zambia. Kwa serikali hizo ni nchi mbili. Kwetu sisi Wanamwanga shangazi yuko huku, mjomba yuko kule, na mtu akifa hakuna anayeuliza amefia nchi gani. Wanawake tunajifunga vitenge, tunajitwika mabeseni ya unga, tunavuka tukiimba nyimbo za kanisani kwenda kulia na wenzetu. Wakaguzi wa mpakani walikuwa wanatupisha. Nani mwenye moyo wa kumsimamisha mtu anayekwenda kuzika?

Sasa... chini ya ule unga, mara nyingine kulikuwa na sukari. Ndiyo, nasema! Ikiadimika huku ilitoka kule, ikiadimika kule ilitoka huku. Sitetei magendo. Ila mjue kulikuwa na miiko. Hatukuzusha kifo hata siku moja. Na kila aliyepitisha kitu aliacha fungu lake kwa wafiwa, ndilo lililochemshiwa chai mpaka matanga yakaanuliwa. Asiyeacha fungu hakuvuka nasi tena.

Msimamizi wa haya yote alikuwa Mama Lusi, mjane mwenzangu, mwanamke mkali kama pilipili kichaa. Mume wangu alipokufa kwa ajali ya lori, mimi nilikuwa binti mdogo tu, nimekaa chini natazama ukuta. Mama Lusi ndiye aliyenifunga kitenge kiunoni akaninywesha uji kwa mkono wake. Wale wanawake walilala kwangu sakafuni mpaka nikaweza kusimama. Bila wao ningekuwa udongoni zamani.

Basi mimi nikaenda nikawauza watu hao. Tena bure!

Alikuja mtu anaitwa Dokta Gaspari. Si daktari wa sindano, jamani, daktari wa vitabu. Alikuwa ametoka Dar es Salaam kwenye taasisi moja ya utafiti wa sera, anatafuta chumba cha kupanga. Nilikuwa na chumba cha uani, naishi na mama yangu mzazi tu, nikampangisha. Alikuja na begi moja na viatu vilivyoachia soli. Siku hizo hakuna aliyemjua. Alikuwa akiandika makala magazetini, na jirani yangu mmoja alizifungia vitumbua.

Maneno yake yalikuwa mageni masikioni mwetu. Kwamba serikali iondoe mkono wake kwenye biashara za watu. Kwamba ushuru ni wizi uliovaa sare. Kwamba kila mtu ni mali ya nafsi yake, hadaiwi na mtu, hamdai mtu, na dunia ingekuwa tamu kama kila mmoja angeachwa auze anachotaka, anakotaka. Mimi mchuuzi niliyekwishafukuzwa na mgambo na beseni kichwani... mnadhani maneno hayo hayakuniingia? Yaliniingia mpaka kwenye mifupa!

Mama yangu ndiye hayakumwingia. Siku moja tunakula, Dokta akawa anaeleza hayo mambo ya nafsi, mama akamsikiliza weee, halafu akamuuliza, "Sasa baba, kama kila mtu ni wa kwake peke yake, wewe nani atakuzika?"

Dokta akacheka. Akasema, "Mama, mimi nikishakufa hilo halitakuwa tatizo langu."

Mama akamwongezea mboga. Alimpenda, msidhani hakumpenda. Alimpikia, alimfulia mashati, akiumwa mafua alimchemshia majani ya mchaichai. Maana Dokta alikuwa ameshaanza kuniita mke wangu. Alisema kitabu alichokuwa anaandika kikitoka tu analeta mshenga. Mjane kama mimi, wa sokoni, msomi ananiambia analeta mshenga! Nilikuwa napima mchele huku najichekea, wateja wananiuliza, "Vipi leo, umeokota dhahabu?"

Kumbe nimeokota kaa la moto.

Alikuwa ananiuliza maswali. Mnapitaje? Mnajuaje siku ya kupita? Nani anawaongoza? Na mimi kwa mapenzi, na kwa sifa pia, maana inapendeza jamani kusikilizwa na msomi, nikamweleza kila kitu. Nikamweleza unga. Nikamweleza miiko, nikamweleza fungu la wafiwa.

Hata hilo halikutosha. Akafariki mzee mmoja ng'ambo, ndugu yake Mama Lusi kwa upande wa baba, nami nikaenda na Dokta msibani. Wanawake wakamtazama. Mama Lusi akanivuta pembeni akaniuliza huyu ni wa kuaminika, maana ana kijitabu mfukoni. Nikamjibu kwa kiburi, "Dada, huyu ni wangu!"

Akasema sawa, kama ni wako ni wetu.

Maneno hayo yananichoma hadi leo.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo kisu kilipofichwa. Jeneza lilipokuwa linatolewa nje, mtani wa ukoo wa marehemu alikaa katikati ya njia akagoma, lisipite mpaka apewe kuku wake. Akaligonga jeneza kwa fimbo. "Mbona zito hivi? Huyu mzee alikuwa mwembamba kama ufito! Semeni ukweli, mmemtoa marehemu mkajaza sukari!" Watu walivunjika mbavu. Hata mjane alicheka huku machozi yanamchuruzika. Ndiyo kazi ya mtani, kuwachekesha wafiwa wasife na wao.

Dokta naye alicheka. Akaniambia hata kwao wana watani, babu yake alipokufa mtani alivaa koti la marehemu akalizunguka kaburi. Mnasikia? Alijua! Alijua kabisa kwamba ule ulikuwa utani.

Kitabu kikatoka. Kikazinduliwa ukumbini Vwawa, wakaalikwa wakubwa wa mkoa, walimu, wafanyabiashara wa kahawa kutoka Mlowo, na watu wa ushuru wa mpakani. Mimi nilishonesha gauni la kitenge, mama nikamnunulia viatu vipya, vikambana njia nzima lakini hakusema. Tulijua siku hiyo ndiyo atatutambulisha. Mama alikuwa ameshawaambia majirani, masikini ya Mungu.

Tukakaa nyuma. Dokta akasimama, suti ya buluu, viatu vinang'aa. Akafungua kitabu akasoma.

Alisoma kwamba mashujaa wa kweli wa soko huria nchini si maprofesa, ni wanawake wa mpakani. Hawaombi kibali, hawalipi ushuru, wanayabadilisha hata majonzi kuwa biashara. Akaeleza unga. Akaeleza nyimbo, akaeleza vitenge... akaeleza mpaka upande wa beseni inakokaa sukari! Halafu akashusha sauti, kama mhubiri anayekaribia kutaja Shetani, akasoma kwamba mara nyingine mzigo huvuka ndani ya jeneza lenyewe, huku waombolezaji wakiusindikiza kwa machozi.

Ukumbi ukapiga makofi! Watu wa ushuru nao wakapiga makofi, lakini taratibu, huku wanatazamana.

Nilihisi kiti kinazama. Mama akaniuliza kwa kunong'ona, "Amesema jeneza? Si alikuwa yule mtani?"

Baadaye nikamfuata nje. Alikuwa amesimama na dada mmoja mrembo wa mjini, amemshika kiuno. Nikasalimia. Akanitambulisha bila hata kupepesa jicho. Akasema, "Huyu ni Yustina, mwenyeji wangu wa utafiti. Yustina, huyu ni mchumba wangu." Yule dada akanipa mkono akasema amefurahi sana, ameona jina langu kwenye ukurasa wa shukrani.

Ukurasa wa shukrani! Nimempikia, nimelala naye, mama yangu amemfulia soksi, malipo yangu ni ukurasa wa shukrani!

Mjue sikulia. Nilimuuliza jambo moja tu, kwa nini fungu la wafiwa hakuliandika. Akasema alilitoa makusudi, kwa sababu lingeharibu hoja, lingefanya tuonekane watu wa kusaidiana tu wakati yeye alitaka tuonekane watu huru. Halafu akaitwa kupiga picha, akaenda.

Mama alivua vile viatu akatembea peku mpaka stendi. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu wetu alikuja, mwenyeji akabaki kidonda.

Kitabu kiliruka jamani. Dokta akawa wa redioni, akawa wa televisheni, akawa wa kupanda ndege. Akapewa tuzo huko Ulaya kwa kutetea uhuru wa mnyonge. Nilimwona kwenye simu ya mtu, amevaa koti zito la baridi, amezungukwa na wazungu, anaeleza habari za mabeseni yetu.

Na sisi wanyonge wenyewe? Msiba uliofuata ulikuwa wa mkwe wa Mama Lusi. Wanawake wakavuka wakiimba kama kawaida. Wakaguzi wakawasimamisha. Hawakuwatukana, waliwaambia kwa adabu tu watue mizigo. Wakachukua vijiti wakaupekua unga beseni kwa beseni, mbele ya umati. Wakaikuta sukari. Vikachukuliwa vyote, sukari na unga halali, na wanawake wakashinda kituoni wakihojiwa. Wafiwa walikaa na njaa kutwa nzima, wageni wamejaa, hakuna hata uji. Marehemu akazikwa Mama Lusi hayupo. Mkwe wake, wa kumlea mwenyewe!

Nikaitwa uani kwa Mama Lusi. Wanawake wote wamekaa chini, hakuna aliyeitikia salamu yangu. Nikajieleza, nikalia, nikagaagaa. Mama Lusi akasikiliza mpaka mwisho. Akasema wamenipa nafasi moja. Nimlete yule mtu niliyesema ni wangu, akae chini mbele yao, aseme kwa kinywa chake kwamba habari ya jeneza ilikuwa utani na aipeleke redioni kama alivyopeleka uongo. Alete na mbuzi wa kuwaosha aibu, kama mila inavyotaka. Asipokuja...

"Asipokuja, msiba wetu hautakuhusu, na wako hautatuhusu."

Ninyi mnaosoma mkiwa mijini mnaweza kuona ni maneno tu. Kwetu kuambiwa hivyo ni kufukiwa mzima mzima. Nilikuwa na mama mzee ndani, presha inampanda na kushuka. Nani angekuja kumlilia? Nani angemwosha? Nikaona lazima nimpate Dokta, hata kwa kumpigia magoti.

Nikampigia simu. Nikambembeleza kama mtoto anayeomba maziwa. Nikamwambia sitaki ndoa, sitaki chochote, aje siku moja tu, mbuzi nitanunua mwenyewe. Akanisikiliza kwa upole, maana huyo mtu hajawahi kupandisha sauti. Kisha akasema yeye alitutetea, aliyetukamata ni serikali, nikailaumu serikali. Nikamkumbusha kuhusu yule mtani. Akasema, "Najua ulikuwa utani, Yustina. Lakini msomaji hakumbuki hoja, anakumbuka picha. Na lile jeneza ndiyo picha."

Nikamuuliza, na sisi? Akajibu kwamba mtu huru hubeba uamuzi wake. Hakunilazimisha kusema, nilichagua mwenyewe. Na wale wanawake nao wamechagua kunitenga, ni haki yao.

Haki yao! Simu ilinidondoka kwenye gunia la mchele.

Hakuja. Wanawake wakatimiza neno lao. Nikipita wananyamaza. Kanisani benchi langu likabaki na mimi na mama tu. Wateja wakahamia kibanda cha pili. Mama hakuwahi kunilaumu, lakini alikuwa mtu wa watu, alizoea kushinda na wenzake wakichambua mboga na kuteta. Nyumba ikawa kimya mno. Akaniambia ngoja aende kwa mjomba ng'ambo akapumzike kidogo, angalau kule wanamsalimia.

Akaenda. Akafia huko.

Alikuwa ameusia azikwe Tunduma, ubavuni mwa baba. Mjomba akashughulikia vibali vyote vya kusafirisha mwili, akakodi gari dogo la wazi, tukaweka jeneza nyuma. Mimi nikakaa pembeni yake, mkono juu ya mfuniko. Hapakuwa na wanawake wala wimbo. Nilijaribu kuimba peke yangu, nikaishia ubeti wa kwanza.

Tulipofika mpakani, mkaguzi mmoja kijana akasoma karatasi zetu, akaona ziko sawa. Akazunguka nyuma ya gari. Akaligusa jeneza, akalisukuma kidogo. Akasema samahani sana mama, lakini litabidi lifunguliwe.

Mjomba akapandisha hasira. Akamuuliza ana wazimu? Kijana akasema si yeye, ni maelekezo tangu kile kitabu kitoke. "Dokta ameandika mnapitishia hata humu. Na yeye aliishi nanyi, hawezi kuzua."

Jamani... wasomaji wenzangu... mama yangu alifunguliwa barabarani! Malori yamepanga foleni, madereva wananyoosha shingo, wabadili fedha wamesogea kutazama. Kijana akaingiza mkono ubavuni mwake, akapapasa chini ya mgongo, akapapasa chini ya miguu. Mama yangu, aliyekuwa hataki hata mkwe amwone bila kilemba! Kilemba kikamtoka. Nikakirudisha kwa mikono yangu, nikashindwa kufunga fundo.

Kijana akasema, "Haya, hamna kitu, nendeni." Niliona naye macho yamemlowa. Simchukii huyo. Alikuwa amesoma kitabu tu.

Tulizika mimi, mjomba, mchungaji na wachimba kaburi. Nilipika mwenyewe ugali wa msiba wa mama yangu, nikasonga na kuupakua, na ukabaki. Hata mtani hakuja kuzuia jeneza. Sijawahi kuona jeneza linatoka ndani haraka vile, bila mtu wa kulisumbua. Alasiri kina Mama Lusi walipita njiani wakitoka kanisani, wanaimba. Walipofika usawa wa nyumba yangu waliacha kuimba. Walipoivuka wakaendelea.

Nani atakuzika? Mama alimuuliza Dokta. Kumbe swali lilikuwa la kwake mwenyewe!

Haikupita muda, Dokta akanipigia. Nikasema moyoni, hatimaye, hata nyoka ana huruma. Akasema pole kwa msiba. Halafu akauliza, ni kweli walilifungua? Mbele ya watu? Nani alishuhudia? Akasema jambo hilo linaonyesha wazi ukatili wa dola, na kwamba toleo jipya la kitabu liko njiani, angependa kulifungua kwa habari ya mama. Alikuwa na furaha, naapa. Nilimsikia anavyohema.

Nilimtukana matusi ambayo gazeti haliwezi kuchapa. Akanisubiri nimalize, akasema ananielewa, niko huru kukasirika.

Toleo jipya limetoka. Mama yangu yumo, ukurasa wa kwanza kabisa. Bado limeandikwa kwamba wanawake wa mpakani hupitishia sukari kwenye majeneza. Hilo hakulifuta. Wanasema sasa anafundisha chuo kikuu huko Ulaya.

Juzi umetokea msiba kwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Nilisikia vilio nikashindwa kukaa. Nikachota unga safi, nikajaza beseni, nikajifunga kitenge nikaenda. Nilisema potelea mbali, wanipige wakitaka, lakini leo nalia na wenzangu.

Mama Lusi alikuwa mlangoni. Alinitazama, hakunifukuza. Aliniambia nitue. Nikatua, nikajua nimesamehewa. Akainama, akaokota kijiti. Akaanza kuupekua unga wangu taratibu, pembe hii na pembe ile, mpaka chini kabisa, wanawake wote wakitazama. Akamaliza, akakung'uta kijiti kwenye kitenge changu.

"Haya, hamna kitu," akaniambia. "Nenda."

Nikajitwika nikarudi nyumbani. Beseni liko hapa sebuleni ninapoandika, sijaweza hata kulifunika.

Dada zangu, kaka zangu, msinionee huruma, nisikilizeni tu. Akija mtu mwenye maneno matamu na masikio makubwa, mpeni chai, mpeni kitanda, hata moyo mpeni kama mmeshindwa kujizuia. Lakini kilicho cha wengi msimpe, hata akisema anakwenda kuwatetea. Mimi nilimpa. Leo mama yangu anajulikana Ulaya, na hapa Tunduma hakuna mwanamke mmoja aliyemlilia.